Mwaka Niliopanda Usambara kwa Mdomo

Aikande, binti wa rafiki yangu Elifuraha, alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa nimekaa pale ninapokaa siku zote, kwenye kiti cha kamba mbele ya mlango wetu, Mtaa wa Sikukuu, mahali ninapoweza kuwaona watu wakienda sokoni bila mimi mwenyewe kulazimika kwenda. "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitika marahaba, na kwa jinsi alivyonyamaza baada ya hapo nikajua. Baba yake alikuwa ameugua miezi mitatu. Tukazungumza mambo ya lazima: maiti iko wapi, nani wamepewa taarifa, lini watasafirisha kwenda Kilimanjaro, maana Mchaga hata akulie Kariakoo na kuzeekea Kariakoo kama Eli, kuzikwa ni kwao. Kisha akaniambia, "Kesho alasiri, kabla hatujaondoka, watu watasema maneno mawili matatu. Wewe tunakuomba utusimulie ile safari ya milimani. Baba aliipenda kuliko hadithi zote." Nikasema sawa, mwanangu. Simu ikakatika, nikabaki nimeishika.

Safari hiyo nimeisimulia kwenye harusi ya Eli, kwenye ubatizo wa Aikande huyohuyo, na kwenye foleni za sukari za miaka ile, ambako mtu mwenye hadithi ndefu alikuwa mtu wa manufaa. Nilimsimulia Mwanaidi kabla hajawa mke wangu, na sina hakika kama angekuwa mke wangu bila hadithi hiyo. Najua mahali pa kushusha sauti, najua na mahali pa kunyamaza kabisa ili ukungu upite. Ni hadithi nzuri. Ina kasoro moja tu, kwamba mimi sikufika.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao soko jipya la Kariakoo bado lilinuka saruji. Wazee walikuwa wakisimama mbele yake mikono nyuma, wakiyatazama yale mapaa yaliyokaa kama miavuli iliyopinduliwa, wakibishana kama mvua ya masika itayajaza maji au la. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, na kusubiri ni kazi niliyoiweza mno. Nilisubiri nimelala chali kwenye mkeka uani, nikisoma gazeti la juzi. Ndipo wenzangu wakanipa jina la Mkeka. Tulikuwa watatu. Eli alikuwa mtoto wa mwenye duka la jumla upande wa Msimbazi, duka la chumvi, viberiti na sabuni pale sabuni ilipopatikana. Kirit, Mhindi wetu, baba yake aliuza misumari, bawaba na makufuli mtaa wa pili, na Kiswahili cha Kirit kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu, hasa kwenye matusi. "Bwana Mkeka," alikuwa akiwaambia watu, "akienda Feri kununua samaki hutuandikia barua kwamba amefika salama."

Siku moja ya Januari Eli alikuja akachuchumaa pembeni ya mkeka wangu. Mteja mmoja wa baba yake, mtu wa Lushoto, alikuwa amemwambia kwamba kule Usambara kuna kijiji kinaitwa Mtae kilichojengwa ukingoni kabisa, mahali milima inapokatika kama mkate, na chini yake ni mbuga tupu. Asubuhi ikiwa safi, ukisimama pale unauona Kilimanjaro. Eli alikuwa hajawahi kuuona. Baba yake hakuwa akienda kwao, Krismasi wala msiba, kwa sababu ambazo dukani hazikuzungumzwa. Kilichozungumzwa ni kwamba nyuma ya kaunta, juu ya makopo ya rangi, palikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, ina picha ya mlima, na mtu akijaribu kuibandua mzee alisema, "Hiyo iache." Eli akaniambia, "Nataka nikauone. Kwa miguu, siyo kwa basi. Nikirudi nimwambie mzee nimeuona. Labda atasema kitu. Mkeka, wewe huna pa kwenda, tupangie."

Nikapanga. Nikiri kwamba sijawahi kufurahia kitu maishani kama kupanga safari ile, na kama ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha sana. Tulikuwa tukikutana chumbani kwetu baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, kelele za wachukuzi na mikokoteni zikiingia. Ulikuwa wakati wa unga wa njano. Mama alitusongea ugali wenye rangi ya kiini cha yai, akatuwekea dagaa, na Kirit, ambaye kwao hawali chenye damu, akawekewa mchicha kwenye bakuli lake mwenyewe lenye ua jekundu ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Tukisha kula nilifungua atlasi ya shule. Usambara nzima ilikuwa doa la kahawia kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Juu ya ukucha huo nilipiga mstari kwa penseli: basi hadi Mombo, halafu miguu, Soni, Lushoto, Lukozi, Mtae. Siku tano. Niliandika kwenye daftari mahali pa kulala, saa za kupumzika, nani atabeba sufuria, nani atabeba blanketi, hata nani atatangulia njia ikiwa nyembamba. Kirit alisoma daftari akasema, "Hapa umeandika 'kupumzika' mara kumi na moja."

Katika chumba kilichotazamana na chetu, ng'ambo ya ukumbi, alikuwa akikaa Mwanaidi na mama yake. Yeye alikuwa hasemi nasi sana, lakini alikuwa akipepeta nafaka uani karibu na dirisha letu muda mrefu kuliko nafaka yenyewe ilivyohitaji. Mchana mmoja akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Na wewe Salumu unakwenda, au unawapangia tu?"

"Nakwenda."

"Hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Haya. Ukifika huko mwisho, ukirudi nitakuja kukusikiliza." Akaingia ndani. Eli na Kirit walinitazama kama watu wanaotazama mbuzi aliyefungwa kamba. Tangu dakika ile safari haikuwa ya Eli peke yake.

Zilizobaki ni karatasi. Siku zile kijana akionekana ugenini bila shughuli aliitwa mzururaji, kwa hiyo tulihitaji barua ya balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, mshona viatu aliyefanya kazi za chama kwenye kibaraza hichohicho cha viatu. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akauliza, "Mnakwenda wapi?"

"Usambara, mzee."

"Kumtembelea nani?"

"Hatumjui mtu kule."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Tunakwenda kutembea. Tunapanda mlima, tunautazama, tunarudi."

Mzee Kondo alivua miwani. "Mwanangu, nikiandika hayo nikapiga muhuri, mimi ndiye nitakamatwa." Akafikiri, akiwa ameshika soli ya mtu mkononi. Kisha akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani kwamba vijana hawa watatu wa Kariakoo wanakwenda milimani kujifunza kilimo cha kisasa, na wapokewe kama ndugu. Akapiga muhuri mara mbili. "Kilimo hakuna atakayewauliza," akasema.

Kosa kubwa, lakini, lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa chakula, na nikaamua kwamba watu wanaopanda mlima wanahitaji kitu cha kushiba. Nikaenda sokoni, kwa Bi Hidaya, nikanunua nusu debe la viazi mviringo. Bi Hidaya akauliza ninavipeleka wapi vyote hivyo. Nikamjibu kwa sauti ya mtu wa safari, "Lushoto." Alinitazama kidogo, akawatazama wenzake wa meza za jirani, halafu akaongeza viazi vingine vitatu juu bila kuombwa. "Beba, mwanangu. Huko baridi." Nilikuwa nimekula viazi vya Bi Hidaya maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza vinatoka wapi. Kwangu mimi viazi vilitoka Kariakoo.

Tuliondoka mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kule na sisi hatujui. Mombo tulilala, na alfajiri tukaanza kupanda, Eli mbele, Kirit katikati na chapati za uwatu za mama yake kwenye mkoba, mimi nyuma na kiroba cha viazi, nimevaa raba za kuazima ambazo mwenyewe alikuwa na miguu midogo, ya heshima zaidi. Niseme nini juu ya siku ile? Barabara ilikuwa inajikunja kama utumbo, mto ukipiga kelele chini kushoto, na sisi tukakata njia za mkato zilizokwenda moja kwa moja kuelekea mbinguni. Kila kiazi kilijitambulisha kwenye uti wangu wa mgongo kwa jina lake. Saa nne malengelenge ya kwanza yalipasuka. Saa sita nilikuwa nahesabu nguzo za simu. Wazee kwa akina mama walitupita na mizigo kichwani wakitusalimu na kutuuliza habari za tulikotoka, bila kuhema. Tulifika kijiji kimoja juu ya Soni jua likiwa bado lipo, nami nilikuwa natembea kwa visigino kama bata.

Mwenyekiti wa kijiji alituita uwanjani akasoma barua ya Mzee Kondo kwa sauti, watu wakiwa wamekusanyika. Alipofika kwenye kilimo cha kisasa akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Na mzigo huu?" Nikafungua kiroba. Mama mmoja mwenye kitenge kilichofungwa kifuani, mkono bado una udongo, akainama akachukua kiazi kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Hivi vya kwetu," akasema. "Hivi ni vya bonde lile pale. Mwezi uliopita tumevipakia."

"Mmetoka navyo wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kariakoo," nikasema.

Nimewahi kuchekwa, kabla na baada. Lakini kuchekwa na mlima mzima ni jambo jingine. Mzee mmoja alilazimika kukalishwa chini. Walipomaliza, mwenyekiti alijifuta macho akasema kwamba viazi vimerudi nyumbani, vipokewe, na sisi pia tumekaribishwa. Lakini barua ni barua, ina muhuri mara mbili, imesema vijana wamekuja kujifunza kilimo, na shamba la kijiji linavunwa wiki hii. Hawezi kuwaacha wote wapite tu kama watalii. Eli akanigeukia. Kama tungebaki wote, siku zingekwisha, na Mtae ingebaki kwenye daftari langu.

Hapo ndipo nilipofanya tendo ambalo Kirit aliliita la kishujaa, akiwa anacheka. Nikasema, "Mimi nitabaki kwa niaba ya wenzangu. Nitajifunza kwa niaba ya wote watatu." Mwenyekiti akaona ni sawa. Eli alinishika bega, akasema polepole, "Mkeka, na Mwanaidi je?" Nikatazama miguu yangu. Ukweli ni kwamba moyoni nilisikia raha, raha ya mtu aliyeambiwa shule imefungwa leo. Raha hiyo ndiyo niliyoionea haya miaka yote, zaidi hata ya uongo.

Wao waliondoka asubuhi. Mimi nikakabidhiwa kwa yule mama wa kiazi, Mama Singano, ambaye baada ya kunitazama nikijaribu kuvuna kwa nusu saa alinipokonya jembe akanipeleka jikoni. Nilikaa jikoni mwake siku nne. Lilikuwa jiko la duara, moshi ukitoka pale ulipopenda, mahindi yamening'inizwa juu ya moto, na kigoda kimoja kifupi kilichokuwa kama kimetengenezwa kwa ajili yangu. Tulikuwa tukila makande na maziwa ya mgando, na viazi, vya kwao na vya kwetu, ambavyo vilikuwa vilevile. Alinifundisha kumenya. "Unatupa nusu ya kiazi," akasema. "Maganda yako mazito kama kandambili." Akanionyesha jinsi ya kuulaza ubapa wa kisu hadi ganda litoke utepe mmoja, jepesi, bila kukatika. Siku ya pili niliweza. Mpaka leo hicho ndicho kitu pekee ninachokifanya kwa mikono vizuri.

Huku nikimenya nilikuwa nikimuuliza. Ukitoka Lushoto, unapita wapi? Lukozi kukoje? Alijibu bila haraka: hapo kuna msitu, miti yake ina ndevu, hapo kuna soko la siku mbili kwa wiki, wanawake wanateremka na pea, hapo njia ni nyembamba kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, kushoto bonde na kulia bonde. Jirani wakija kuota moto waliongeza ya kwao. Mmoja alikuwa ameoa Mtae. Alinieleza jinsi upepo unavyopanda kutoka mbugani mchana ukiwa na joto, hata kofia ikitupwa bondeni inarudi. Nami niliyapokea yote kama nilivyokuwa nikipokea habari za dunia mkekani. Mama Singano akanikodolea macho. "Wewe umetoka baharini kote huko kuja kukaa jikoni kwangu kuniuliza habari za njia? Si uende ukaione?" Nikamwonyesha miguu. Akasema, "Miguu imepona tangu jana." Ilikuwa imepona.

Siku ya tano lori la mboga liliwateremsha Eli na Kirit barabarani. Walikuwa wamechubuka nyuso kwa baridi, wamekonda. Niliwakimbilia. "Mmefika?"

"Tumefika," akasema Eli.

"Mmeona nini?"

"Mawingu."

Kirit ndiye aliyeeleza, kwa kifupi, maana hakuwa mtu wa kueleza. Walikaa ukingoni asubuhi mbili. "Nyeupe juu, nyeupe chini. Kama umeingizwa ndani ya gunia la pamba. Ukinyoosha mkono unapotea." Basi. Siku tatu za kutembea, na hayo ndiyo yaliyotoka. Nilimuuliza juu ya msitu, akasema, "Ulikuwepo." Kwenye basi la kurudi Eli alikaa dirishani, na tulipopita Korogwe akaniambia, "Nitamwambia nini mzee?" Nikamwambia aseme kweli, mawingu si kosa la mtu. Akasema, "Yeye akisikia mawingu atasema basi, haikuandikwa. Namjua. Atageuka kupanga viberiti."

Tulifika dukani mchana, watatu, bado na mizigo. Baba yake Eli alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, akifuta mizani. Tukamwamkia. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ulifika?"

"Nilifika, baba."

"Na mlima?"

Eli alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye kalenda, yakateremka sakafuni. Mchukuzi aliyekuwa akipita mlangoni akachungulia. Nami, ambaye sikuwa na haki hata ya kusimama pale, nikasikia sauti yangu. "Tuliuona, mzee. Asubuhi ya pili."

Sikuishia hapo. Ningeishia hapo ningekuwa mwongo mdogo. Nikamwambia jinsi tulivyotoka kabla jua halijachomoza, nyasi zina maji, jinsi mawingu yalivyokuwa yamelala mbugani kama maziwa yaliyomwagika, halafu upepo wa kutoka chini ukayanyanyua, ukayapasua, na juu kabisa, mahali ambapo mtu hategemei kuona ardhi, barafu ikatokea. Nikamwambia Kirit alisimama akavua kofia. Kirit, ambaye hakuwa na kofia, akaitikia kwa kichwa. Mzee aliweka kitambaa chini. "Mawenzi ulikuwa upande gani?"

Kilimanjaro una vilele viwili vikubwa, hilo nililijua shuleni, Kibo mrefu na Mawenzi uliochongoka. Upande sikuujua. Kalenda ilikuwa nyuma yake, ukurasa umefifia, nami nina macho mabaya. Nikabahatisha. "Kulia, mzee."

"Kulia," akarudia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akageuka, akaitazama kalenda kwa muda, mgongo wake ukiwa kwetu. Hakupanga viberiti. Kisha akasema bila kugeuka, "Nendeni mkaoge, mnanuka moshi." Desemba ile alifunga duka wiki mbili. Alimchukua mkewe na Eli na makopo mawili ya mafuta ya kupikia, wakapanda basi la Moshi, na baada ya hapo alikwenda kila Desemba hadi naye alipopelekwa kuzikwa huko.

Nje ya duka, siku ile, Eli alinipiga kofi kisogoni. "Mwongo mkubwa wewe." Alikuwa na machozi, akijifanya ni vumbi. Halafu akasema, "Haya. Kama tuliuona, basi na wewe ulikuwepo. Umefika Mtae, Mkeka. Tumemaliza." Kirit akasema, "Kufika? Huyu alitutangulia. Tulimkuta juu amekaa na viazi." Wakati huo niliona ni zawadi. Baadaye, kila nilipoombwa kusimulia na Eli akiwa ameketi pale akitabasamu ndani ya glasi yake, niliona ni kama kiatu cha kuazima. Kinapendeza, lakini mwenyewe unajua kinapobana.

Jioni yake Mwanaidi alitimiza ahadi. Alikuja uani na ungo, akakaa kwenye ukingo wa mkeka wangu, mama yake akiwa mlangoni. Nikasimulia kuanzia Mombo. Niliwapa msitu wenye ndevu, soko la pea, njia ya mgongo wa ng'ombe, kofia inayorudi. Wapangaji wote walitoka. Bi Hidaya wa sokoni, aliyekuja kusikia habari za viazi vyake, alicheka hadi akakaa chini: "Kwa hiyo vilifika kwao salama?" Nilipofika ukingoni, barafu ikatokea. Mwanaidi aliuliza swali moja tu.

"Na mawingu hayakuwepo?"

"Yalikuwepo. Yakaondoka."

"Ahaa," akasema. Akaendelea kupepeta. Mwaka uliofuata tulioana.

Kwa hiyo wiki iliyopita, alasiri ya maneno mawili matatu, niliamua kwamba nimebeba kiroba hiki vya kutosha. Kabla watu hawajakaa nilimvuta Aikande pembeni, karibu na sufuria za chai. "Mwanangu, kabla sijasema chochote mbele ya watu. Mimi kule Mtae sikufika. Nilibaki Soni, namenya viazi. Na baba yako hakuuona mlima."

Alinitazama, macho yamevimba, kisha kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. "Baba alisema! Alisema siku moja baba mdogo ataingiwa na unyenyekevu atakuja kuwaambia hakufika. Akasema msimwamini hata kidogo." Nikamgeukia Kirit, ambaye ana mvi kichwa kizima na fimbo, na ndiye shahidi pekee niliyebakiwa naye. "Kirit, mwambie." Kirit alipuliza chai yake. "Huyu? Alitutangulia," akasema. Basi nikasimama mbele ya watu, nikapanda tena Usambara. Sijawahi kuisimulia vizuri kama siku ile.

Walipokuwa wakipakia mabasi, Aikande akaniuliza kama nitawasindikiza au nitaagana na baba yake hapo. Nilikuwa nimeandaa sababu zangu: miguu, presha, umri. Nilizitazama zote, zilikuwa za kweli, na nikaona zimefanana mno na malengelenge. Nikapanda basi. Tulipopita Mombo niliiona ile barabara ikijikunja kupanda, na ukuta wa milima juu yake, mrefu kuliko nilivyousimulia. Kirit alinigusa na fimbo. "Mkeka, shuka, tutakupitia wakati wa kurudi." Tulimzika Eli kwao, kwenye migomba, karibu na baba yake. Tulikaa siku tatu. Kila asubuhi nilitoka nje kabla ya wengine, nimejifunika blanketi la watu, nikasimama kwenye nyasi zenye maji nikitazama kaskazini, na bibi mmoja wa pale akanihurumia, akasema, "Umejificha, baba. Huwa hivyo."

Nimerudi Sikukuu jana. Mwanaidi alinipokea mkoba, akaniwekea maji ya kuoga, akaniletea kiti changu cha kamba na beseni la viazi, maana kumenya nyumbani mwetu ni kazi yangu tangu tulipooana. Alikaa mbele yangu akauliza habari za mazishi, za Aikande, za Kirit na fimbo yake. Kisha akauliza, "Na mlima? Umeuona?"

Nilikuwa na barafu tayari mdomoni, naapa. Mazoea.

"Mawingu," nikasema. "Siku zote tatu. Mawingu tu."

Mwanaidi alilitazama ganda la kiazi lililokuwa likishuka kutoka kwenye kisu changu, utepe mmoja, jepesi, halijakatika. "Basi safari hii umefika," akasema, akanyanyuka kwenda kuwasha jiko.